Nondo wa Trans Nzoia: Tumtambue Adui kwa Alama Zake

Mtu asafiriye kutoka Nairobi kwenda Kitale, mwendo wa kilometa karibu 380, hupita nchi za namna nyingi kwa siku moja. Kwanza huteremka Bonde la Ufa, akapita Naivasha na Nakuru. Kisha hupanda tena mpaka kwenye misitu ya baridi ya Timboroa, ambako hata mchana mtu hutamani koti lake. Baada ya hapo huingia uwanda wa Uasin Gishu, na kutoka Eldoret barabara huelekea kaskazini-magharibi mpaka Moi's Bridge, mji ambao zamani uliitwa Hoey's Bridge. Hapo ndipo avukapo mto Nzoia na kuingia nchi iitwayo kwa jina la mto huo, Trans Nzoia, yaani ng'ambo ya Nzoia. Mkono wa kulia ataona milima ya Cherangani, na mkono wa kushoto mlima Elgon, wenye urefu wa meta 4,321, ambao mara nyingi kilele chake hufichwa na mawingu ya mvua.

Nilifika huko katika mwezi wa Mei, wakati mahindi yanapofika magotini. Kila upande ni mahindi, safu baada ya safu, mpaka macho yachoke. Mji wa Kitale uko juu ya bahari kadiri ya meta 1,900. Reli ilifika hapo mwaka 1926, na mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mbegu ya mahindi iitwayo H611, mbegu ya chotara iliyobadilisha mavuno ya wakulima wengi wa nyanda za juu. Walakini jambo moja halikubadilika. Kwa sababu ya baridi, mahindi ya huko hukawia shambani: hupandwa Machi au Aprili, yakavunwa Oktoba au Novemba. Mwaka mzima una mavuno mamoja tu. Kwa hiyo kila kitu kilacho mahindi ya Trans Nzoia hula karo ya shule, hula chumvi na sukari, hula mahari ya kijana anayetaka kuoa.

Mlaji mpya alifika katika nchi hiyo mwaka 2017. Jina lake la kitaalamu ni Spodoptera frugiperda, na asili yake ni mabara ya Amerika. Aliripotiwa mara ya kwanza barani Afrika mwaka 2016, katika nchi za magharibi na kati, na baada ya mwaka mmoja tu alikuwa amekwisha enea Kenya, Uganda na Tanzania. Tanzania wamemwita kiwavijeshi vamizi, na jina hilo lamfaa. Tangu wakati huo hofu imekaa nyumbani mwa wakulima. Kila nondo arukaye taani huitwa mvamizi, na kila kiwavi aonekanaye juu ya jani huitwa kiwavijeshi. Mambo hayo mawili si kweli, na gharama yake ni kubwa, maana anayempiga asiye adui humaliza silaha zake kabla adui hajafika.

Msafiri akitaka kujifunza habari za wadudu, pale Kitale kuna mahali pazuri pa kuanzia. Ni jumba la makumbusho lililo pembeni mwa mji. Lilianzishwa mwaka 1926 na Hugh Stoneham, mwanajeshi Mwingereza aliyependa sana habari za viumbe, aliyekusanya wadudu, ndege, wanyama na vitabu kwa miaka mingi. Alipokufa mwaka 1966 mali hiyo yote aliiachia nchi ya Kenya, na jengo jipya likafunguliwa mwaka 1974. Mtu atazamaye wadudu waliochomwa pini na kupangwa nyuma ya kioo hugundua jambo ambalo shambani ni vigumu kuliona. Wadudu kumi waliofanana machoni, wakiwekwa sambamba, kila mmoja hutoa alama yake: huyu ana doa, yule ana ukingo mweusi, wa tatu ana mstari uliokatika. Kutambua mdudu si uchawi wala si elimu ya chuo kikuu peke yake. Ni kujua mahali pa kutazama.

Kutoka mjini nilikwenda upande wa mashariki, chini ya milima ya Cherangani, kwa mzee mmoja mwenye ekari 4 za mahindi. Nilimkuta katika mashaka. Usiku uliotangulia nondo walijaa katika baraza yake kama makapi ya ngano siku ya kupura. Alikuwa amekwisha chukua mkopo katika chama chao ili anunue dawa ya kunyunyizia shamba zima, na fedha ya kulipa mkopo huo ilikuwa itoke katika karo ya mwanawe wa mwisho.

“Mzee,” nikamwuliza, “hao nondo uliwatazama?”

“Nondo ni nondo, kijana wangu,” akanijibu. “Mwenye nyumba akiona moshi hangoji kuona moto.”

Mkewe, aliyekuwa akipepeta maharagwe, akasema kwa upole, “Lakini moshi mwingine ni wa jikoni, Mzee.”

Basi tukakubaliana kungoja usiku mmoja. Tulitundika shuka nyeupe kati ya miti miwili na kuweka taa ya karabai mbele yake. Mwezi haukuwapo, na hewa ilikuwa na unyevu wa mvua. Usiku wa namna hiyo nondo hutoka kwa wingi. Wengi hudhani kwamba nondo huipenda taa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2024 umeonyesha habari nyingine: mdudu arukaye usiku huelekeza mgongo wake upande wenye nuru, kwa sababu tangu zamani nuru ilikuwa ni ya mbinguni. Akipita karibu na taa huelekeza mgongo wake kwenye taa, akapinda, akazunguka, asiweze kutoka tena. Kwa hiyo wingi wa nondo katika taa si dalili kwamba wametumwa kushambulia shamba hilo. Wamenaswa njiani tu.

Wa kwanza kufika alikuwa nondo mkubwa mwenye mwili mnene na mabawa membamba, akivuma kama ndege mdogo. Mzee akainua kiatu. Nikamwomba amwache. Nondo wa jamaa hiyo hunyonya maji matamu ya maua kwa ulimi mrefu, na katika bonde la Kerio, ng'ambo ya milima hiyo hiyo ya Cherangani, wachunguzi wameona kwamba ndio wanaochavusha maua ya mipapai. Wakulima wa huko wakiua nondo hao watakuwa wameua mapapai yao.

Kisha wakaja wadogo, ambao mabawa yao yakikunjuliwa hupata sentimeta tatu au nne kutoka ncha hata ncha. Hawa ndio wanaowachanganya watu, kwa sababu wote huonekana wa rangi ya vumbi. Mama alileta chupa za jamu zilizo tupu, tukawatia mmoja mmoja na kuwatazama kwa kioo cha kukuzia.

Mmoja alikuwa wa rangi ya majani makavu yenye umanjano, na bawa lake la nyuma lilikuwa jeupe lenye ukingo mpana mweusi. Huyo ni mzazi wa funza wa vitumba, alaye pamba, nyanya na ncha za mahindi mabichi. Wa pili alikuwa wa kahawia iliyoiva, mwenye mabaka meusi meusi katika mabawa ya mbele. Ni mzazi wa funza wa mabua, Busseola fusca, mwenyeji wa siku nyingi katika nyanda za juu. Wa tatu, wengi kuliko wote, walikuwa wa rangi ya mbuga kavu, wenye kitone kidogo cheupe katika bawa la mbele. Hao ni Leucania loreyi. Nondo huyu amewahadaa hata watu wa kazi hiyo, maana huingia katika mitego ya harufu iliyotegwa kwa ajili ya mvamizi, na mwenye kuhesabu bila kutazama huandika idadi kubwa isiyo ya kweli.

Saa nne ya usiku ndipo alipotua yule tuliyemngoja. Nikamwita mzee asogee. Bawa lake la mbele lilikuwa la kijivu na kahawia, lenye mchanganyiko kama gome la mti. Karibu na ncha palikuwa na baka jeupe lenye pembe tatu, na katikati ya bawa doa jingine la rangi hafifu, lililolala mshazari. Bawa la nyuma lilikuwa jeupe la kung'aa kama fedha, lenye ukingo mwembamba tu wa giza. Huyo ni dume la kiwavijeshi vamizi. Mpaka tulipozima taa tulipata watatu tu wa namna yake.

Hapa yafaa msomaji ajihadhari. Alama ya baka jeupe ni ya dume peke yake. Jike lake ni la kijivu tupu, nalo hufanana sana na jike la ndugu yake wa Kiafrika, Spodoptera exempta, ambaye ndiye kiwavijeshi waliyemjua babu zetu. Mabawa ya nyuma ya wote wawili ni meupe. Madume yao hutofautishwa vizuri zaidi: dume la Kiafrika halina baka jeupe katika ncha ya bawa, na ukilitazama kwa kioo utaona katika ncha ya tumbo lake magamba madogo yenye umbo la kasia. Lakini majike ya kijivu mkulima asiyahukumu kwa macho, awaachie wataalamu.

“Sasa nimejua,” akasema mzee. “Watatu tu. Basi hakuna hatari.”

“Bado, Mzee,” nikamwambia. “Jike mmoja huweza kutaga mayai zaidi ya 1,000, na jike hatujamwona. Taa imetwambia nani wapo katika nchi. Nani yumo shambani, mhindi wenyewe ndio utakaosema.”

Asubuhi, umande haujakauka, tuliingia shambani watatu. Tulikwenda kwa njia ya kupinda kama herufi W, tukasimama mahali patano, na kila mahali tukatazama mimea 10, jumla mimea 50. Hatukuchagua ile mibaya wala ile mizuri, bali ile iliyofuatana. Mama ndiye aliyekuwa na macho makali kuliko sisi, kwa kuwa yeye ndiye aliyepalilia.

Mmea wa kwanza wenye dalili ulikuwa na matundu madogo yaliyojipanga safu kukata jani, kana kwamba mtu ameyatoboa kwa sindano. Hiyo ni kazi ya funza wa mabua. Alikula jani likiwa bado limejikunja, na lilipofunguka matundu yakatokea kwa mpango. Kiwavi wake ni mlaini, wa rangi ya maziwa yenye wekundu kidogo. Huyo hakai sana nje. Huingia ndani ya bua, na mara nyingine jani la katikati hukauka, mhindi ukafa moyo.

Mmea mwingine ulikuwa na matundu makubwa yenye kingo zilizochanika ovyo, na pale katikati, majani machanga yanapojikunja, palijaa kinyesi kibichi kama unga wa mbao. Mama akafungua majani kwa vidole, akamtoa kiwavi mmoja mwenye hasira. Kwa kawaida aliyekua huwa mmoja tu katika mmea, maana viwavi hawa hulana wao kwa wao. Tukamtazama kichwani: palikuwa na mstari mweupe kama herufi Y iliyopinduliwa. Walakini alama hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu kiwavijeshi wa Kiafrika na wengine pia huwa na mfano wake. Alama ya kuaminika iko nyuma. Katika pingili ya pili kutoka mwisho wa mwili pana vitone vinne vyeusi vilivyopangwa mraba, kama miguu minne ya kiti. Mzee akavihesabu mwenyewe, kisha akavihesabu tena.

Katika mimea 50 tulipata 6 iliyoliwa karibuni: minne na mvamizi, miwili na funza wa mabua. Maana yake ni mimea 12 katika kila 100. Washauri wa kilimo kwa wakulima wadogo hutaja mimea kadiri ya 20 katika kila 100, mahindi yakiwa bado machanga, kuwa ndicho kipimo cha kuanza kufikiria dawa. Mzee alikuwa hajafika huko. Siku hiyo yeye, mkewe na vijana wawili walipita shamba zima, wakawasaga viwavi kwa vidole, wakafuta mayai yaliyotagwa kwa marundo na kufunikwa na kitu kama pamba chafu, na penye mmea ulioliwa wakatia majivu kidogo katikati. Walipatana kutazama tena baada ya siku tatu, na kuendelea hivyo mara mbili kila juma. Fedha ya mkopo ilirudi chamani.

Lakini jirani yake, aliyepanda majuma matatu baadaye kwa kukosa ng'ombe wa kulima, hali yake ilikuwa nyingine. Tulipotazama kwake kwa njia ile ile tulikuta zaidi ya thuluthi ya mimea imeliwa, na viwavi wengi bado ni wadogo. Kwake kungoja kungekuwa ni kosa. Alikwenda kwa afisa wa kilimo siku ile ile, akapewa shauri juu ya dawa iliyoruhusiwa, na jioni, jua lilipopoa na viwavi kutoka mafichoni, akainyunyiza mle ndani ya moyo wa mmea, amevaa glavu na kufunika pua na kinywa. Nondo ni yule yule, kijiji ni kile kile, na mashamba yamegawanywa na ua tu. Lakini jibu la huyu halikuwa jibu la yule. Kiwavi mdogo hufa kwa dawa. Aliyekwisha nenepa na kujiziba kwa kinyesi chake, dawa haimfikii, na fedha hunyunyizwa ardhini.

Nilimwuliza mzee kama amewahi kuwaona viwavijeshi wa zamani. Akasema aliwaona utotoni, wakivuka njia kama maji meusi. Neno lake ni la kweli. Kiwavijeshi wa Kiafrika akiwa katika kundi huwa mweusi kama mahameli, hujionyesha mchana, hula nyasi, mtama, wimbi, mpunga na mahindi, akaacha uti wa jani tu, maharagwe huyapita. Nondo wake huchukuliwa na upepo, na kwa usiku mmoja waweza kwenda makumi ya kilometa. Mara nyingi mashambulio huanza Tanzania karibu na Desemba au Januari, yakaingia Kenya kuanzia Februari hata Aprili pamoja na mvua, kisha yakaendelea mpaka Ethiopia. Viwavi wachanga ni wa kijani, hawaonekani kwa urahisi. Watu huwagundua wamekwisha kuwa weusi, nao wamebakiwa na siku chache za kula. Hapo hakuna nafasi ya kuhesabu mimea 50. Ni kupeleka habari kwa serikali siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo tuna watu wa tabia tatu. Funza wa mabua ni mwenyeji: wakati wa kiangazi hulala ndani ya mabua makavu, na mwenye kuyaondoa shambani au kuyakata kuwa chakula cha ng'ombe humtoa kitandani mwake. Kiwavijeshi wa Kiafrika ni msafiri: huja na upepo, akaharibu, akaenda zake. Mvamizi ni mgeni aliyehamia: hana usingizi wa kiangazi, huendelea kuzaa popote palipo na mahindi mabichi, na kwa sababu hiyo kijiji kizima kikipanda kwa wakati mmoja humnyima ngazi ya kupandia kutoka shamba la huyu kwenda la yule. Wakulima wengine wa Trans Nzoia hupanda desmodiamu kati ya mahindi, na nyasi za nepia au brakiaria kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo, na ya nyasi huwavuta nje. Kilimo hicho cha sukuma-vuta kiliundwa katika miaka ya 1990 na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, pamoja na wenzao wa Rothamsted huko Uingereza, kwa ajili ya funza wa mabua, na kimeonekana kupunguza mvamizi pia.

Wasomaji walio makarani mijini, ambao wazazi wao wako mashambani, wanaweza kusaidia katika jambo hili. Akienda nyumbani mwisho wa mwezi, na achukue kioo cha kukuzia cha bei ndogo, aingie shambani pamoja na baba na mama yake asubuhi, awaonyeshe vile vitone vinne. Na mkulima apataye kiwavi asiyemfahamu asikimbilie bomba la dawa. Amtie katika chupa yenye jani la mmea aliokuwa akiula, atoboe kifuniko kwa msumari, aandike juu yake tarehe na mahali alipompata, ampeleke kwa afisa wa kilimo angali hai.